SIKIO NDANI YA KUSIKIA: ASILI YA KALE YA NENO LA KIINGEREZA "HEAR" NA FUNZO LAKE KWA ETIMOLOJIA YA KISWAHILI

1.0 Utangulizi

Naomba nianze mhadhara huu kwa kukiri kosa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nilikuwa mhadhiri kijana, niliyerejea nyumbani karibuni na shahada ya uzamivu, na kama walivyo wengi wenye shahada mpya, nilikuwa na majibu mengi kuliko maswali. Siku moja nilikuwa nikifundisha somo la isimu historia. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili, binti mpole aliyezoea kukaa safu ya nyuma, alinyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, Kiswahili kina sikia na sikio. Kiingereza kina hear na ear. Je, si kweli kwamba ndani ya hear mna ear, kama vile maneno yetu mawili yalivyo na uhusiano?"

Nilicheka. Darasa nalo likacheka, kwa sababu mwalimu amecheka. Nikamweleza kuwa hiyo ni sadfa tupu, kwamba maneno hayo mawili ya Kiingereza yana mizizi tofauti, na kwamba mwanaisimu hatafuti asili ya maneno kwa masikio yake bali kwa kanuni. Nikaendelea na somo. Binti yule hakuuliza tena swali darasani mwangu mpaka mwaka ule ulipomalizika.

Leo ningependa kulijibu swali lile upya, kwa utaratibu ambao ningepaswa kuufuata siku ile. Nitaonyesha kwamba njia aliyoipita mwanafunzi yule ilikuwa na kasoro. Nitaonyesha pia kwamba jibu langu lilikuwa na kasoro kubwa zaidi, kwani lilitamka kwa uhakika jambo ambalo halina uhakika huo. Mwishoni nitarejea katika Kiswahili, kwa kuwa hatari ya kuamini sikio na hatari ya kulidharau sikio zote mbili zinatukabili katika utafiti wa asili ya maneno yetu wenyewe.

2.0 Uzito wa hoja ya mwanafunzi

Tuanze kwa kuitendea haki hoja yenyewe. Lau mfanano wa hear na ear ungekuwa wa Kiingereza cha leo peke yake, tungeweza kuupuuza. Lakini hali si hiyo. Kijerumani kina hören, kusikia, na Ohr, sikio. Kiholanzi kina horen na oor. Kiswidi kina höra na öra. Kiaislandi kina heyra na eyra. Katika Kiingereza cha kale tunakuta hieran na eare. Tukirudi nyuma zaidi, katika tafsiri ya Biblia ya Kigothi iliyofanywa na Wulfila katika karne ya 4, tunakuta hausjan, kusikia, na auso, sikio.

Kwa hiyo jozi hii imo katika ukoo mzima wa lugha za Kijerumaniki. Tofauti ya s ya Kigothi na r ya lugha nyingine si kikwazo. Inajulikana kwamba r hiyo ilitokana na z, na z nayo ilitokana na s ya zamani. Kilatini kilipitia badiliko linalofanana na hilo: neno lake la sikio, auris, lilikuwa na s hapo awali, kama inavyoshuhudiwa na Kilithuania ambacho mpaka leo kinasema ausis.

Ilivyo, basi, mwanafunzi aliyekuwa na jozi moja tu mkononi angeweza kupewa jozi sita. Hilo lingeitia nguvu hoja yake, wala si kuidhoofisha. Mimi sikumpa hata moja.

3.0 Ushahidi wa konsonanti h

Hata hivyo, wingi wa mifano si uthibitisho. Katika lugha ya Mbabaram ya kaskazini-mashariki ya Australia, neno la mbwa lilikuwa dog, kama katika Kiingereza. Mtu anayesikiliza kwa sikio pekee angeapa kuwa neno hilo limekopwa. Mwanaisimu R. M. W. Dixon alionyesha kuwa limetokana na umbo la zamani gudaga, ambalo bado lipo katika lugha za jirani, kwa mabadiliko ya sauti ya kawaida katika Mbabaram. Maneno mawili yalisafiri kutoka pande mbili za dunia yakakutana njiani, bila udugu wowote.

Kinachotutenganisha na mpiga ramli ni kanuni za mabadiliko ya sauti. Mwaka 1818 Rasmus Rask wa Denmark, na mwaka 1822 Jacob Grimm wa Ujerumani, walionyesha kwamba konsonanti za lugha za Kijerumaniki hulingana na zile za Kilatini na Kiyunani kwa utaratibu. Pale ambapo Kilatini kina k, ambayo huandikwa kwa herufi c, Kiingereza kina h. Pembe ni cornu katika Kilatini na horn katika Kiingereza. Mbwa ni canis, na Kiingereza kina hound. Mia ni centum, na Kiingereza kina hundred. Moyo ni cor, mzizi wake cord-, na Kiingereza kina heart.

Kwa mujibu wa kanuni hii, h ya hear haiwezi kuwa pumzi tu iliyopachikwa mbele ya ear. Lazima iwe ni k iliyobadilika. Tukiitafuta k hiyo tunaipata katika Kiyunani cha kale, ambamo kusikia ni akouo. Kiyunani kilipoteza s iliyokuwa kati ya irabu, kwa hiyo akouo ilikuwa na s hapo mwanzo, nayo inalingana na hausjan ya Kigothi sauti kwa sauti: k kwa h, ou kwa au, s iliyopotea kwa s iliyobaki. Kiingereza, kwa njia hiyo, kina ndugu wawili wasiofahamiana: hear, ambalo limerithiwa, na acoustic, ambalo lilikopwa kutoka asili ya Kiyunani katika karne ya 17. Mwanafizikia anayeandika kuhusu akustika na mtoto anayesema I hear wanatumia mzizi mmoja.

Neno la sikio, kwa upande wake, halina k hata kidogo: auris, ausis, auso, na Kiyunani ous. Hapa ndipo niliposimama siku ile. Mzizi mmoja una k, mwingine hauna. Basi ni mizizi miwili. Basi ni sadfa. Hoja hii inaonekana imefungwa barabara. Lakini haikufungwa.

4.0 Irabu a ya Kiyunani

Tazameni tena neno akouo. Kuna a mwanzoni ambayo sikuitolea maelezo. Katika Kijerumaniki haipo. Imetoka wapi?

Mwanaisimu anayedharau irabu moja ni sawa na hakimu anayemfukuza shahidi kwa kuwa ni mfupi. Mwaka 1879 kilichapishwa kitabu cha Ferdinand de Saussure, kijana wa miaka 21, alichodai ndani yake kwamba lugha mame ya Indo-Ulaya ilikuwa na sauti fulani ambazo zilitoweka katika lugha zote zilizojulikana wakati huo, lakini zikaacha alama katika irabu zilizobaki. Wengi hawakumwamini. Mwaka 1915 Bedřich Hrozný alitangaza kuwa lugha ya Kihiti, iliyoandikwa katika vigae vya udongo vilivyofukuliwa nchini Uturuki, ni ya ukoo wa Indo-Ulaya. Mwaka 1927 Jerzy Kuryłowicz akaonyesha kuwa lugha hiyo ina konsonanti ya kooni mahali palepale ambapo nadharia ya Saussure iliihitaji. Kwa mfano, Kilatini kina ante na Kiyunani kina anti, yaani mbele, na Kihiti kina neno linaloanza na sauti hiyo ya kooni, hant-, paji la uso. Sauti hizo tunaziita laringali. Ile iliyoacha irabu a tunaiandika *h₂, kinyota kikionyesha kuwa umbo limekisiwa kwa ulinganishi wala halikupatikana katika maandishi.

Mwanzoni mwa neno, mbele ya konsonanti, laringali hii iliacha a katika Kiyunani na ikapotea kabisa katika Kijerumaniki. Kwa hiyo a ya akouo ni unyayo wake, na umbo la kale la hear huanza na *h₂k-. Je, kuna mzizi mwingine wenye umbo hilo? Upo, na unajulikana sana. Ni mzizi wa ukali, *h₂ek-: Kilatini acus, sindano, Kiyunani akros, -enye kufikia ncha, na Kiingereza edge, makali ya kisu.

Sasa tuyaweke mbele yetu mambo mawili. Neno la kale la sikio huanza na laringali hiyohiyo, nalo huandikwa *h₂ous-. Tukiunganisha "kali" na "sikio" tunapata *h₂k-h₂ous-, na maana yake ni kuwa na masikio makali, kutega sikio. Ndivyo wanavyolifafanua neno hear wataalamu kadhaa wa isimu linganishi. Iwapo ni sahihi, basi ndani ya hear mna ear. Si kwa sababu Waingereza waliongeza h, bali kwa sababu watu waliozungumza lugha mame hiyo, miaka elfu tano au zaidi iliyopita, walikuwa wameunda kitenzi kutokana na sikio.

Nasema "iwapo", kwa kuwa ipo dhana nyingine yenye heshima yake. Wapo wanaoliunganisha akouo na mzizi wa kutambua au kuangalia, unaoonekana katika Kiyunani koeo, kutambua, Kilatini caveo, kujihadhari, na Kiingereza show, ambalo katika Kiingereza cha kale lilimaanisha kutazama. Kwa dhana hii sikio halimo. Mjadala haujafungwa. Jibu ambalo ningepaswa kumpa mwanafunzi yule ni hili: "Njia uliyoipita haifiki, lakini mahali unapotaka kwenda huenda pakawa pako." Badala yake nilisema "sadfa", neno ambalo nalo ni dhana, na linahitaji kuthibitishwa kama dhana nyingine yoyote.

5.0 Kusikia, kutii na kuvuma

Kabla ya kurejea nyumbani, niguse maana kwa ufupi. Kiingereza obey limetokana na Kilatini oboedire, ambalo ndani yake mna audire, kusikia. Kijerumani gehorchen, kutii, ni la ukoo wa hören. Mswahili hahitaji kufundishwa jambo hili. Mtoto asiyetii tunasema hasikii, na mtiifu tunamwita msikivu. Wahenga walisema: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Walisema pia: sikio la kufa halisikii dawa. Katika methali hii ya pili kitenzi kimekwenda mbali zaidi, kwani dawa haina sauti. Kusikia hapa ni kukubali kuathiriwa. Ni kitenzi hichohicho tunachokitumia tunaposikia baridi, njaa na harufu. Kinyarwanda kwa kumva na Kikuyu kwa kũigua hufanya vivyo hivyo: kusikia kwa sikio na kusikia kwa mwili ni neno moja.

Kiingereza kina pia listen na loud. Katika Kiingereza cha kale maneno haya yalikuwa hlysnan na hlud. H yao, ambayo ilikuwa k, imekwisha potea. Mzizi wao ndio uliozaa Kiyunani kleos, sifa. Kisanskriti sruti, yaliyosikiwa, jina la maandiko ya Veda. Na Kirusi slovo, neno, na slava, utukufu. Loud, basi, mwanzoni ni kile kilichosikiwa, na katika Kiyunani ndugu yake, klutos, ni mtu maarufu. Kiarabu, ambacho si cha ukoo huo, kimefika hapohapo kwa miguu yake: kutokana na samia, kusikia, kimepata suma, sifa ya mtu mbele za watu. Na Kiswahili? Ngoma huvuma, bahari huvuma, na mtu naye huvuma. Wavumao baharini papa, kumbe wengi wapo. Mfanano huu wa maana si ushahidi wa udugu wa lugha. Ni ushahidi wa udugu wa watu, nao tusiuchanganye na ule wa kwanza.

6.0 Konsonanti iliyojificha katika sikia

Sasa turejee katika jozi yetu wenyewe. Mwanafunzi yule alichukulia kwamba uhusiano wa sikia na sikio ni jambo la wazi lisilohitaji kuthibitishwa. Mimi nilichukulia vivyo hivyo. Tulithibitishe basi.

Swali la kwanza: kipi kilitangulia? Kiganda kina okutu, Kikuyu gũtũ, Kinyarwanda ugutwi, na wingi wake ni amatu, matũ, amatwi. Haya ni mabaki ya neno la Mame-Bantu la sikio, lililokuwa katika ngeli ya ku-, ngeli ambayo katika Kiswahili sanifu imebaki na vitenzijina tu. Kiswahili kimeliacha neno hilo, na mahali pake kikaweka sikio, lililoundwa kutokana na kitenzi kwa kiishio -o, kama pendo kutokana na penda na funiko kutokana na funika. Kwa hiyo kitenzi ndicho mzazi. Ikiwa dhana ya masikio makali ni sahihi, Indo-Ulaya ilikwenda kinyume chetu: wao waliipa kazi jina la kiungo, sisi tulikipa kiungo jina la kazi yake.

Swali la pili: sikia lenyewe lilikuwaje? Linganisheni Kichewa na Kiswahili. Wachewa husema khala, sisi husema kaa. Wao vala, sisi vaa. Wao njira, sisi njia. Kiswahili mara nyingi kimepoteza l iliyokuwa kati ya irabu, kama vile Kiyunani kilivyopoteza s. Kidigo, jirani yetu wa karibu katika kundi la Sabaki, kinasema sikira kwa kusikia. Konsonanti ambayo sisi tumeipoteza, wao wanayo.

Ushahidi mwingine hauhitaji safari, kwani umo vinywani mwetu. Nyambueni: kaa, kalia, vaa, valia, zaa, zalia, sikia, sikilia, sikiliza. Hiyo l haikuzuka. Ni konsonanti ya zamani iliyokimbilia ndani ya mnyambuliko ikasalimika. Ni kweli kwamba baadaye lugha iliieneza hata kwenye maneno yasiyokuwa nayo, kama sahau, sahaulia, neno lenye asili ya Kiarabu. Ndiyo maana hatuitegemei l hiyo peke yake, bali tunaiweka pamoja na Kidigo na Kichewa. Saussure alikisia sauti iliyopotea, na ushahidi ukapatikana katika vigae. Vigae vyetu sisi ni lugha jirani na minyambuliko ya vitenzi vyetu.

7.0 Hitimisho

Mheshimiwa Mwenyekiti, kwa nini nimewachosha kwa neno la Kiingereza katika mhadhara wa taaluma za Kiswahili? Ni kwa sababu neno hear limechunguzwa na vizazi vya wataalamu kwa muda wa karne mbili, na historia ya uchunguzi huo ni kioo kwetu. Isimu linganishi ya Kibantu haikosi misingi. Carl Meinhof alichapisha kazi yake ya fonolojia ya Kibantu mwaka 1899. Malcolm Guthrie alitoa majuzuu yake kati ya 1967 na 1971. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch walitoa historia ya Kiswahili na Sabaki mwaka 1993. Hata hivyo, kila siku tunasikia watu wakiamua asili ya maneno ya Kiswahili kwa sikio tu. Linalofanana na la Kiarabu hupelekwa Uarabuni. Lisilofanana na lolote huitwa la Kibantu kwa kukosa mwenyewe. Na anayeuliza huchekwa.

Sikio hukosea. Lilipokisikia kitabu likadhani ki- ni kiambishi, tukapata vitabu. Lilipokisikia kipilefti cha barabarani, tukapata vipilefti. Lakini sikio hilohilo ndilo lililotupa sarufi tunayoizungumza, na kila uvumbuzi wa etimolojia ulianza na mtu aliyesikia mfanano akauliza. Kazi ya kanuni ni kuupima mfanano huo baada ya kuusikia. Haikuwekwa ili itukinge na maswali.

Kwa wanafunzi nasema: msiogope kuuliza swali linaloonekana jepesi, ila mkishauliza, lifuateni konsonanti kwa konsonanti, na irabu iliyosimama peke yake mlangoni msiipite bila kuisalimu. Kwa walimu wenzangu nasema: neno "sadfa" tulitumie kwa tahadhari ileile tunayowadai wanafunzi wanapotumia neno "asili".

Na kwa binti yule, ambaye leo ni mtu mzima, na ambaye sijui kama yumo humu ukumbini: ulikuwa na sikio kali. Mimi ndiye niliyekusikia bila kukusikiliza.